Mkimbiaji Aliyekokota Baiskeli

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimevaa vazi la nguruwe, masikio na mkia, nauza soseji za kuchoma kwenye tamasha la mji wetu wa Sheboygan huku majirani wakinipiga picha. Hiyo ndiyo adhabu ya mtu wa mkia katika ligi yetu ya mezani, na mimi nilikuwa naivaa kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, ligi ya mezani haina jasho. Tuko watu kumi. Kila Agosti tunaketi pamoja na kupokezana kutaja majina ya wachezaji wa kweli wa mpira wetu, ule wa kushika mkononi na kugongana vifua. Ukimtaja ni wako. Akikimbia vizuri Jumapili, pointi unapata wewe uliyelala kwenye kochi. Akivunjika mguu, umevunjika naye.

Ligi hii aliianzisha marehemu baba yangu, Elmer Hoefler, na wenzake wa baa. Alipofariki aliniachia mimi kiti chake, kiti cha chuma cha kukunja, mgongoni kimeandikwa HOEFLER kwa rangi ya kijani na kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwachia mdogo wangu Lyle. Lyle alisubiri mpaka mwenzetu mmoja alipohamia Arizona ndipo akapata cha kwake. Hajawahi kulisema jambo hilo hata siku moja, na ndiyo maana najua bado liko moyoni.

Sasa sheria inasema hivi: ukishika mkia mara tatu mfululizo, kiti unakitema. Anakichukua anayesubiri. Ni nani huyo, anajua mzee Vern peke yake, mwasisi wa mwisho aliye hai, na jina analiweka kichwani. Hulitaja pale tu mtu anapokuwa ameshika mkia mara mbili mfululizo, siku ya kuchagua, mchezaji wa kwanza akishatajwa. Baba ndiye aliyetaka iwe hivyo, ili mtu wa mkia ajue nani kasimama mlangoni kwake.

Kwa hiyo mwaka huu sikuwa nacheza kwa ajili ya kombe. Nilikuwa nacheza nisije nikakabidhi kiti cha baba yangu kwa mtu mwingine.

Wiki ya kuchagua kwetu ina desturi yake, kwamba uongo ni halali. Mpaka mzee Vern agonge kengele ya ng'ombe, hakuna anayelazimika kusema kweli kuhusu mchezaji yeyote, hata mbele ya mama yake mzazi. Kengele ikishalia, uongo umekwisha, na atakayeendelea nao anafukuzwa. Ndugu zangu, katika wiki hiyo hata salamu huwa naikagua.

Jumatatu Lyle akaja na mfuko wa mikate. Lyle haleti mikate. Nikajua kuna jambo.

"Dada, mchukue Tavion Rudd," akasema hata kabla hajaketi.

Rudd alikuwa mkimbiaji chipukizi, katoka chuoni mwaka huohuo na kusajiliwa na timu yetu ya nyumbani. Mkimbiaji kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kupenya katikati ya miili. Mjini kote hakukuwa na jina jingine. Mimi nikamkumbusha Lyle kwamba timu ilikuwa na Mabry, mkimbiaji wa siku zote.

"Mabry ana miaka thelathini," Lyle akasema. "Mkimbiaji wa thelathini ni maziwa ya juzi. Yamo kwenye friji, lakini nani anayanywa?"

"Chipukizi hajui kumkinga mrushaji mpira asiangushwe. Kocha hamwachi uwanjani mtu asiyejua kukinga. Atapewa mpira mara tano, halafu atakaa benchi anywe maji."

"Huyu anakinga. Na wakifika karibu na mstari wa kufungia, atapewa yeye. Wewe unaanza, dada. Usimwache."

Naam, mimi ndiye niliyekuwa naanza. Baba aliweka mtu wa mkia awe wa kwanza kuchagua, kwa huruma. Na wa pili kwa zamu, baada yangu, alikuwa Lyle huyohuyo. Sasa niambieni, mtu ambaye zamu yake inafuata yangu ananipa mchezaji mzuri kuliko wote kwa sababu gani? Baba alikuwa akisema mtu akikupa ng'ombe bure, hesabu miguu yake.

Lyle alikula mikate yake mwenyewe, akanywa kahawa yangu, akaondoka akipiga mluzi. Nikamtazama dirishani mpaka gari lake likapotea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni nikamweleza mume wangu. Gordy Pruess ni mtu mpole. Hana kiti kwenye ligi, lakini miaka yote yeye ndiye anayetuchomea soseji siku ya kuchagua. Husimama mlangoni pa gereji na koleo lake, sisi tukiwa ndani tunabishana. Sijawahi kumsikia akilalamika.

Nilimuuliza anaonaje. Akasema nisimuulize yeye, yeye ni mtu wa makaa. Halafu akaongeza kwamba kama namtilia shaka Lyle, niende mazoezini nikajionee kwa macho yangu. Nikaona ni neno la busara. Nikamwambia nitakwenda Jumatano, na nikamwapisha asimwambie mtu.

Nikaenda. Ni mwendo wa saa moja kaskazini. Nilichelewa kwa sababu ya matengenezo ya barabara, nikakuta mazoezi yameshaanza, nikajibana kwenye uzio nyuma ya jamaa mnene aliyevaa kofia ya mashabiki wetu, ile ya sponji yenye umbo la kipande cha jibini.

Jamani, yule kijana alinimaliza. Alipewa mpira, akapinda kiuno, watu wawili wakabaki wamekumbatiana wenyewe. Nikasema sawa, kukimbia kila mtu anakimbia, tuone kukinga. Likaja jitu moja kutoka upande wa pili, linamfuata mrushaji. Rudd akainama, akaliingia kifuani, likakaa chini kama gunia la viazi. Walipofika karibu na mstari, kocha alimwita yeye. Mabry alikuwa pembeni ameshika kiuno.

Nilitamani kupiga kelele. Kila alichosema Lyle kilikuwa kweli, na jambo hilo likanitia hofu zaidi.

Mazoezi yakaisha. Kama kawaida, watoto walikuwa wamepanga baiskeli zao nje, maana kwetu wachezaji huazima baiskeli za watoto kurudi uwanja mkubwa kwenye vyumba vyao vya kubadilishia nguo, na mtoto hukimbia kando akiwa amekumbatia kofia ngumu ya mchezaji. Ni desturi ya tangu zamani. Basi wakatoka wale majabali, magoti yamefika masikioni, pedali zinalia, watu wanacheka na kupiga makofi.

Rudd akatoka wa mwisho. Alikuwa na baiskeli ya zambarau yenye riboni kwenye vishikio vya usukani. Hakuipanda, alikuwa anaikokota.

Wote wamepanda, yeye anatembea. Polepole, mkono mmoja kwenye usukani, anatabasamu kwa watu. Na aliyekuwa kando yake akiwa amebeba kofia alikuwa Britta, binti yake Lyle. Nyuma yao, kofia imeshushwa mpaka puani, alikuwa Lyle mwenyewe.

Machale yakanicheza. Mkimbiaji hakokoti baiskeli ila goti lake lina neno. Lyle yuko hapo karibu, mwanawe ndiye anayetembea na yule kijana, ameona kila kitu. Kwa hiyo anamsifia kwangu ili nimchukue mgonjwa, nishike mkia mara ya tatu, kiti cha baba kiende. Nilijificha nyuma ya ile kofia ya jibini mpaka wakapita. Moyo ulikuwa unaniuma, maana huyo ni mdogo wangu, nilimfunga nepi kwa mikono hii.

Nyumbani nikamwambia Gordy kwamba nimemaliza. Rudd namwacha, nitamtaja Fontaine, mkimbiaji aliyekomaa wa timu ya Kusini, hana makuu wala hana maradhi. Gordy alikuwa anaosha vyombo.

"Una hakika ni goti?" akauliza.

"Mtu mzima hawezi kukokota baiskeli ya mtoto bila sababu."

"Labda baiskeli ndiyo mbovu."

Nikamcheka. Nikamwambia yeye anaona mema kwa kila mtu, na kwamba siku moja watu watamuuza akiwa amesimama. Akacheka na yeye, akaendelea kusugua sufuria.

Jumamosi tukakutana kwenye gereji ya Lyle. Gordy alitangulia tangu asubuhi kuwasha makaa. Nilipofika alikuwa mlangoni, aproni imechafuka weusi, jasho linamtoka. Alinibusu shavuni, akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Viti vilikuwa vimepangwa duara. Cha baba kilikuwa karibu na mzee Vern. Nikakaa, kikalia kama kawaida yake. Watu walikuwa na bia na saladi ya viazi, na kila mmoja alikuwa anamsifia mchezaji asiyemtaka. Lyle alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Nilipogeuka akaangalia dari.

"Dada, umeamua?" akaniuliza.

"Utasikia na wenzako."

"Mimi nilikushauri kwa nia njema."

"Nia njema huwa haijitangazi, Lyle."

Watu wakacheka. Mzee Vern akasema bado dakika chache, kengele iko garini kwake, mtu akamletee. Ndipo Gordy akaniita kutoka mlangoni. Haradali imeisha, akasema, nyingine iko kwenye ile friji ya zamani, nyuma kabisa ya gereji. Mikono yake ilikuwa na koleo na sinia. Nikainuka.

Friji ile iko kwenye kona. Nikaifungua, nikachukua haradali, nikaifunga. Ubavuni mwake, ikiwa imeegemea ukuta, ilikuwepo baiskeli ya zambarau yenye riboni.

Nikaitazama. Nikasukuma pedali kwa kidole cha mguu. Ikazunguka bure, bila kushika. Nikainama. Baiskeli haikuwa na mnyororo. Mnyororo ulikuwa umekunjwa ndani ya kopo la kahawa, juu ya kimeza cha spana cha Lyle.

Nilibaki nimeinama pale na haradali mkononi, na mambo yote yakajipanga kichwani mwangu kwa mkupuo.

Baiskeli isiyo na mnyororo haipandwi. Inakokotwa. Goti la Rudd halikuwa na shida yoyote. Lyle alijua nitakwenda mazoezini, ananijua mimi ni mtu wa kuchunguza. Akampa mwanawe baiskeli mbovu, akaja kuniangalia nikidanganyika. Alinisifia yule kijana makusudi, kwa kuwa anajua akisifia yeye mimi nitakataa. Halafu zamu yake inafuata. Nikimtaja Fontaine, yeye anamtaja Rudd, anakwenda kuchukua kombe, na mimi nakwenda kuvaa mkia.

Nilitamani kumpigia makofi. Mzee wetu asingeweza kufanya vizuri zaidi. Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Nikampelekea Gordy haradali. Akauliza kwa nini nacheka. Nikamnong'oneza kwamba alikuwa amesema kweli, baiskeli ndiyo mbovu. Akatikisa kichwa taratibu, akageuza soseji.

Nikarudi kwenye kiti cha baba. Kengele ilikuwa imeshaletwa, iko mapajani mwa mzee Vern.

"Marlys Hoefler," akasema mzee. "Wa mkia anaanza. Mtaje."

Nikamtazama Lyle. Alikuwa ameshika kopo la bia kwa mikono miwili.

"Tavion Rudd," nikasema.

Watu wote wakanigeukia. Hakuna aliyewahi kuanza kwa kumtaja chipukizi katika ligi yetu. Mzee Vern aliniuliza kama nimesema nilichotaka kusema. Nikajibu ndiyo. Akagonga kengele.

Nilikuwa nimemkazia macho Lyle nimwone anavyosonya. Nilitaka nimwone uso unavyomshuka. Uso ulimshuka kweli, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Aliweka bia chini, akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Dada," akasema. "Mbona umemchukua?"

"Nimeona mnyororo, Lyle. Kwenye kopo la kahawa. Ulinipata, lakini nimekuwahi."

"Mnyororo gani?"

"Kengele imeshalia. Usiendelee, utafukuzwa."

"Najua imelia. Ndiyo maana nakwambia." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ile baiskeli ni nzima. Britta kaiendesha jana jioni kwenda kununua aiskrimu na kurudi. Rudd aliikokota kwa sababu ya goti. Tangu wiki iliyopita alimwambia mtoto mwenyewe, likikunjwa linamuuma, asimwambie mtu. Mimi nilikusifia nikijua. Nilitaka umchukue, hilo nakiri, ni wiki ya uongo. Lakini juzi mke wangu alinisema sana, nikaona aibu. Leo nilikuwa naomba umtaje mwingine."

Sikumwamini. Nikainuka, nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya friji. Akaitazama baiskeli ya binti yake. Akachukua kopo, akautoa mnyororo, ukaning'inia kwenye vidole vyake ukidondosha mafuta mabichi meusi.

"Nani kagusa baiskeli ya mwanangu?" akauliza.

Hakuwa anaigiza. Nimemjua tangu akiwa kwenye kitanda cha kuzungushiwa mbao. Lyle akidanganya huangalia dari, na sasa alikuwa ananiangalia mimi usoni.

Nilikuwa nimemtaja mgonjwa. Jina likishagongewa kengele halirudi. Nimeanza msimu wa kuokoa kiti cha baba kwa mkimbiaji asiyeweza kupiga pedali.

Nikajiuliza ni nani aliyejua kuhusu goti na baiskeli. Mjini hapa hakuna niliyemwambia. Sikumwambia hata mchungaji.

Tuliporudi kwenye duara mzee Vern alikuwa anakohoa, na kwa mzee Vern kukohoa ni kuomba kimya. Alisema tusisahau desturi ya Elmer, jina la kwanza limekwisha kutajwa, sasa mtu wa mkia na amjue anayemsubiri. Nilikaa. Kiti kikalia chini yangu.

"Aliomba miaka mingi iliyopita," mzee akasema, "na hajawahi kunisumbua. Anayesubiri ni Gordon Pruess."

Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Waliona ni utani mtamu, mume kumsubiri mkewe mlangoni. Mmoja akasema leo kuna mtu atalala kwenye kochi. Lyle peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameushika mnyororo, na alikuwa anatazama kule nilikokuwa naogopa kutazama.

Gordy aliingia kutoka mlangoni na sinia la soseji. Alipita kwa kila mmoja, akapokea pongezi kwa adabu, akafika kwangu mwisho. Alichagua iliyoiva vizuri, akaiweka kwenye mkate, akaongeza haradali niliyomletea mimi mwenyewe, akanikabidhi.

"Kula, mke wangu, kabla haijapoa," akasema. "Msimu ni mrefu."

Nikaupokea mkate. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka ndani ya kucha, na weusi wenyewe ulikuwa unang'aa. Nilivitazama kwa karibu kabla hajavirudisha kwenye aproni. Makaa hayang'ai.